Adanganye kwa Sarufi Safi

4 Machi
Mvua imeanza leo, na mgongo wangu ulijua tangu juzi. Nimeamka saa kumi na mbili na nimefanikiwa kuinama kuvaa soksi saa mbili kasorobo. Daktari wa viungo hutaja jina refu la ugonjwa wangu kana kwamba ni cheo nilichotunukiwa. Kwa lugha ya watu ni baridi yabisi ya uti wa mgongo, ile ya kudumu, inayogandisha pingili moja baada ya nyingine. Nina miaka arobaini na moja na shingo yangu haigeuki. Nikitaka kutazama kulia nageuka mwili mzima, na watu hudhani naringa. Hawajakosea sana.

Kazini nimepewa katiba ya chama cha wafuga nyuki. Naamini iliandikwa na nyuki wenyewe. Makosa mia moja na kumi na mawili katika kurasa tisa. Kazi yangu katika kiwanda hiki cha uchapaji ni hiyo: kila karatasi hupita kwangu kabla ya kwenda mashineni, nami huwaokoa na aibu watu wasiojua kwamba wana aibu. Hakuna anayeshukuru. Fundi wa mashine huniita "Mwalimu", na si kwa heshima.

5 Machi
Mvua. Karatasi zimenyonya unyevu, mashine inazitafuna. Fundi anaitukana kwa lugha ambayo hata mimi sikuona cha kusahihisha.

7 Machi
Mke wangu amerudi kutoka kwa msusi na tiba mpya. Mwezi uliopita ilikuwa tangawizi, kabla yake godoro gumu, na kabla ya hapo godoro laini. Sasa ni sindano. Yupo mama mmoja, nesi mstaafu aliyekwenda kusomea mambo hayo ng'ambo, anachoma watu sindano nyembamba na maumivu yanapungua.

"Mimi najichoma sindano tayari," nikamwambia. "Kila wiki mbili, ile kalamu ya dawa iliyoko kwenye friji karibu na mayai yako."

"Ile ni ya ugonjwa. Hii ni ya maumivu."

"Umeanza lini udaktari?"

"Siku nilipoanza kukuvalisha viatu," akasema, akaenda zake jikoni.

Nikaendelea kusoma gazeti. Ukurasa wa kwanza una makosa manne.

11 Machi
Nimemuuliza daktari wa viungo kuhusu sindano hizo, nikitarajia tucheke pamoja. Hakucheka. Amesema wapo zinaowasaidia kupunguza maumivu na wapo zisiowasaidia kitu, na kwamba hazitauzuia ugonjwa wenyewe. "Ukitaka jaribu. Ila kalamu usiiache hata mara moja." Wasomi siku hizi wanaogopa kumkasirisha yeyote.

12 Machi
Nimekwenda, ili mke wangu aninyamazie.

Chumba kiko juu ya duka la vioo, kwa ngazi ishirini na mbili, na hilo peke yake linaonyesha akili ya mtu anayetibu migongo. Ndani kuna vitanda viwili, pazia la kijani, mifupa ya plastiki iliyokosa mkono wa kushoto, na picha ya mtu uchi aliyechorwa mistari kutoka utosini hadi vidoleni kama ramani ya mabomba ya maji. Mwenyewe ni mama mfupi wa miaka sitini na kitu, amevaa ndala na koti jeupe, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nimempa jina la Mama Sindano. Nina hakika si mimi wa kwanza.

Aliniuliza maswali nusu saa. Nalala vipi, naamka vipi, choo, macho, hasira.

"Hasira ni ugonjwa?" nikauliza.

"Kwako wewe sijui bado, mwanangu. Dawa ya hospitali unaitumia?"

"Natumia."

"Usiache. Ukiiacha mimi sikuchomi. Lala kifudifudi."

Siwezi kulala kifudifudi, kwa hiyo nilichomwa nikiwa nimekaa, kichwa kwenye mto, sindano kumi na nne. Sikuzisikia sana. Niliyasikia maneno yake: nguvu inayopita, njia zilizoziba, joto linalotafuta pa kutokea. Nililipia mambo ya mabomba kwa dakika thelathini. Nilipotoka, mgonjwa aliyekuwa kwenye kitanda cha pili alikuwa akikoroma. Nadhani hiyo ndiyo siri yote ya tiba: watu wamechoka, wanapewa mahali pa kulala mchana.

13 Machi
Nimelala usiku kucha. Bahati tu.

19 Machi
Mara ya pili. Leo amegundua kazi yangu, na kwa hilo namlaumu mke wangu, ambaye hana siri. Mama Sindano akafurahi kama mtu aliyeokota kitu. Anataka vipeperushi, wagonjwa wapya hawapajui mahali pake. Amenipa karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono. Nimeitia mfukoni bila kuifungua, maana niliihofia.

20 Machi
Nilikuwa na sababu ya kuihofia. Nainakili hapa yote, kwa kuwa wajukuu zangu hawataamini:

*Maumivu ya kiuno, nyoga na viugo? Njoo kwa sidano, upoe. Kila Jumane na Alhamisi. Dawa za daktari ziedelee.*

Huyu mama ana ugomvi na herufi N. Nyonga imekuwa nyoga, viungo vimekuwa viugo, sindano, kitu anachokishika kila siku ya Mungu, imekuwa sidano. Nimemrudishia N zake zote, moja moja, kama mtu anayeokota vifungo vilivyodondoka. Nyonga. Viungo. Sindano. Jumanne. Upone. Ziendelee.

Kisha nikaona kwamba sentensi ya mwisho inapingana na ya pili. Ukiambiwa njoo upone, halafu ukaambiwa endelea na dawa, ni kupona gani huko? Isitoshe ilikuwa imezidi mstari mmoja na kusukuma anwani nje ya ukurasa. Nimeikata. Nimeongeza nukta-mkato moja, nzuri sana, ambayo hakuna mgonjwa wa kiuno atakayeithamini.

Fundi alisoma prufu, ile nakala ya ukaguzi, akiwa begani pangu. "Kwa hiyo anaponya, Mwalimu?"

"Anaponya wapi. Tapeli tu."

"Na wewe unamwandikia?"

"Mimi si polisi," nikamwambia. "Mtu akitaka kudanganya, adanganye kwa sarufi safi."

Nimeipenda sentensi hiyo. Nimeirudia kwa mke wangu wakati wa chakula. Hakucheka.

22 Machi
Mama Sindano amepita kiwandani kutia sahihi prufu. Miwani aliisahau kitandani kwa mgonjwa. "Wewe ndiye msomi, mwanangu, mimi nikague nini?" Akatia sahihi chini ya neno *Sawa*. Nakala elfu moja.

26 Machi
Mara ya tatu. Naandika ukweli kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu: leo asubuhi nilivaa soksi saa moja na robo. Ni nusu saa nzima imepungua. Inaweza kuwa ni kalamu imeanza kukolea, inaweza kuwa ni mvua iliyopumzika siku mbili. Sitampa Mama Sindano furaha ya kumwambia.

Mdogo wangu wa kike alikuja jioni kuleta sare za binti wa jirani. Yeye ni fundi wa kudarizi: nembo za shule, majina kwenye mashuka ya harusi, vitu vidogo vya kuua macho. Ana ugonjwa huu huu. Tuliurithi kwa baba pamoja na pua. Lakini yeye amekuwa mgonjwa wa kulalamika: kalamu inamtia kichefuchefu, kalamu inamwachia uvimbe pajani, kalamu hivi, kalamu vile. Mke wangu akamtolea kipeperushi. Alikisoma chote, akakisoma tena.

"Hiki kimepita kwako, Kaka?"

"Kila kitu kinapita kwangu."

Akakikunja akakitia kwenye mkoba. Nikatazamia aniulize juu ya nukta-mkato.

29 Machi
Mvua. Wafuga nyuki wamerudisha katiba, wanataka "nyuki" iandikwe kwa herufi kubwa kila mahali.

2 Aprili
Mama Sindano amejaa. Watu wamepanga mstari mpaka kwenye ngazi, kila mmoja na kipeperushi changu mkononi. Mzee mmoja aliniambia ametoka mbali, "maana hapa wanaponya." Nilimtazama kwa huruma ile tunayowahifadhia wanaonunua saa barabarani. Nikaketi nyuma yake kungoja zamu yangu.

9 Aprili
Mdogo wangu anang'aa. Amekuwa akienda kwa Mama Sindano kila Alhamisi bila kuniambia, ili nisimkejeli. Nikamkejeli kwa hayo majuma aliyonikosesha. Anasema mgongo umelegea, anadarizi saa nne bila kusimama. Tumbo nalo limetulia kabisa.

"Kwa hiyo kichefuchefu kimekwisha?"

"Kimekwisha kabisa," akasema, akatabasamu na kumtazama mke wangu.

15 Aprili
Alikuja kula nasi. Mvua inamwagika, taa zimewashwa tangu saa tisa, naye ameketi mezani na miwani ya jua. Nilimwita msanii. Nilimuuliza kama wapiga picha wanamfuata. Akasema mwanga unamuumiza tu kidogo, jicho la kushoto, labda ni uzi ulirukia. Nikasema labda ni umaarufu. Niliendelea hivyo mpaka kwenye matunda, na nilijiona mcheshi sana.

18 Aprili
Saa tano asubuhi Fundi aliniita kwenye simu ya ofisi, akipaza sauti juu ya mashine. "Mwalimu! Mama yako wa sidano!" Alikuwa ameiona ile karatasi ya mkono, na tangu siku hiyo halisemi neno hilo vingine.

Mama Sindano hakusalimia. "Njoo hospitali ya macho. Niko na mdogo wako. Jicho lake sikulipenda."

Nilikwenda kama nilivyo, na prufu mkononi. Nilimkuta mdogo wangu kwenye benchi la korido, amejifunika uso na kanga, na Mama Sindano amekaa naye bega kwa bega akiwa bado na koti lake jeupe na ndala zilizolowa. Alikuwa amefunga chumba na kuwaacha watu kwenye ngazi. Nikaambiwa hivi: mdogo wangu aliingia kwa zamu yake, Mama Sindano akamtoa ile miwani kwa nguvu, akaona jicho jekundu kuzunguka ule mduara mweusi, na mboni iliyokataa kusinyaa mbele ya taa. Hakuchukua sindano hata moja. Alimwuliza swali moja tu, nalo ni kalamu alijichoma lini mara ya mwisho.

Mdogo wangu alikuwa ameacha tangu mwisho wa Machi. Kila Alhamisi alipoulizwa alisema anaendelea nayo.

"Kwa nini?" nikamwuliza. "Daktari alikwambia. Mimi nilikwambia. Kwa nini uache?"

Alisema kutoka ndani ya kanga: "Karatasi ilisema nitapona. Ilisema njoo upone. Nikajua ukiwa mtu wa kuponyeka, ya nini kuendelea na sumu ile. Na haikutaja dawa popote."

"Umeamini kipeperushi?"

"Niliamini kwa sababu kilipita kwako. Wewe hupitishi uongo, Kaka. Tangu tuko wadogo ulikuwa unanirudishia barua zangu na wino mwekundu."

Mama Sindano alikuwa ananitazama. "Mimi sikuandika upone," akasema, taratibu, kama mtu anayejikagua mwenyewe kwanza. "Au niliandika?"

Daktari wa macho akatoka kabla sijajibu. Ni uvimbe ndani ya jicho, ndugu wa ugonjwa wetu wa mgongo. Unajulikana na unatibika, ila umekaa siku nyingi mno. Matone kila saa, vidonge, na kalamu irudi mara moja. Kuhusu uoni, tungoje. Anayeishi kwa kutia uzi kwenye tundu la sindano akaambiwa angoje.

19 Aprili
Kiwandani tunahifadhi maandishi ya wateja yaliyoandikwa kwa mkono kwenye msumari ukutani, hadi mwisho wa mwaka. Nimefika kabla ya Fundi. Niliitoa katiba ya wafuga nyuki, nikazitoa kadi za mwaliko, nikaifikia ya Mama Sindano.

*Upoe.*

Imeandikwa wazi. Ile E ni nene, amekandamiza kalamu. Si N iliyodondoka. Hakuna kilichodondoka. Ni neno zima, na mimi nililisoma kama ninavyomsoma kila mtu, nikiwa nimeshajua kabla ya kusoma kwamba amekosea.

Na chini yake sentensi niliyoikata. Niliikata kwa sababu ilipingana na herufi niliyoiongeza mwenyewe. Katika karatasi nzima hiyo ndiyo sentensi iliyokuwa na maana kuliko zote, na mimi nikatoa nafasi yake kwa anwani. Najivunia miaka kumi na saba ya kutoruhusu upuuzi upite. Upuuzi haukupita, niliuandika mimi, na mwenyewe nikamwita yule mama tapeli huku nikimtengenezea utapeli wake kwa mkono wangu.

Sikufanya kazi leo. Nilimwambia Fundi mgongo, akaniamini.

20 Aprili
Nimempelekea Mama Sindano karatasi yake. Ilinichukua muda kwenye zile ngazi, na si kwa sababu ya kiuno. Alivaa miwani, akasoma.

"Enhe. Upoe."

"Nilidhani umesahau N."

"N nasahau, kweli." Hakukasirika, na hilo lilinikera kuliko tusi. "Lakini hapo sikusahau. Mtu wa malaria anapona, mwanangu. Wewe na mdogo wako mnapoa. Maumivu yako yanakaa kama chai, yanapoa, unapata kunywa. Kesho yanachemka tena, unarudi. Miaka minane nawaambia watu hivyo, kila mmoja akiingia. Sasa wanaingia wananiambia mimi kwamba watapona. Nikafikiri mvua imewapa matumaini."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa kukuuliza, wewe si msomi?"

Akafungua droo, akatoa vipeperushi vilivyobaki, kama mia mbili, akaniwekea mapajani. Akaniambia nipite kwa wale wengine mia nane, kwa sababu yeye ana wagonjwa wa kuchoma.

24 Aprili
Nimepata sitini na watatu. Nimesimama kwenye ngazi na kwenye kituo cha basi, nimegonga milango ya watu. Naeleza, wananitazama kama ninavyowatazama watu. Yule mzee aliyetoka mbali alikuwa ameacha vidonge vyake vya presha pia, "kwa kuwa hapa wanaponya." Nimemrudisha kwa daktari wake mwenyewe, nikimshika mkono, na njiani akaniambia kwamba alinishuku tangu siku ile, nina uso wa mtu wa dharau.

25 Aprili
Mia moja na nne. Mvua.

28 Aprili
Nimemwambia mdogo wangu.

Nilikuwa nimetayarisha maneno, na yote yalikuwa na sarufi safi. Jicho limezibwa kwa pamba, matone yamepangwa kwenye dirisha, cherehani imefunikwa shuka. Nikamweleza ile herufi, na ile sentensi, na kwamba Mama Sindano hana kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaomba aione karatasi yenyewe. Nikampa. Aliisogeza karibu na jicho zima, akasoma kwa sauti: nyoga, viugo, sidano.

Nikangoja alie au anifukuze.

"Ningeipata hii," akasema, "na makosa yake yote, ningeicheka na kuitupa. Ningeendelea kujichoma huku nikitapika. Ningekuwa naona."

Akanirudishia karatasi, akageukia ukuta. Mke wangu alinitoa nje.

3 Mei
Hajanipokea.

4 Mei
Hajanipokea. Mia tatu na ishirini.

7 Mei
Mama Sindano amenichoma leo, sindano kumi na nne, na hakusema neno juu ya mabomba. Kiuno kimepoa kidogo. Nimemwambia, kwa sauti, na mgonjwa wa kitanda cha pili amesikia.

14 Mei
Daktari wa macho amepima. Uvimbe umeisha. Jicho la kushoto litabaki na ukungu katikati, labda daima. Ataona watu, milango, magari. Tundu la sindano, hapana.

16 Mei
Mvua imekwisha, hivi hivi tu, kama mgeni aliyeondoka bila kuaga. Mke wangu akaniambia mdogo wangu ananiita.

Alikuwa mezani. Ana nembo arobaini za shule za kumaliza kabla muhula haujaanza, na mkono wake unajua kazi hata bila jicho, isipokuwa pale mwanzo, kwenye kutunga uzi. Alinisukumia kijaluba cha sindano na vibunda vya uzi wa bluu na wa njano. Hakunikaribisha chai.

"Ishirini za bluu," akasema. "Ishirini za njano."

Nikaketi. Shingo yangu haiinami, kwa hiyo ilinibidi niinue sindano mpaka usawa wa macho na kuielekeza dirishani, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Ya kwanza ilinichukua dakika nne. Nikailaza mbele yake. Aliichukua, akaisogeza kwenye jicho lake zuri, akavuta uzi kidogo kwa kucha, akautazama kwa uso ambao nimeuona kwenye kioo maisha yangu yote.

"Umechanika nyuzi," akasema, akauchomoa. "Rudia."